Kinywa cha Mama Mkwe

Jumanne jioni mama yangu alifungua kinywa chake chote mbele ya Levi, akatia kidole ndani ya shavu na kulivuta pembeni, akamwonyesha mahali daktari alipomng'oa magego.

"Ona hapa," akasema. "Na huku nyuma. Alivuta mpaka nikajua anaenda na taya."

Levi aliinama juu ya meza akachungulia kwa makini, akampa pole kwa sauti ya mtu aliyeumia yeye. Mama akacheka. Mchuzi wa nyama ulikuwa umempaka kidevu na hakujisumbua kuufuta. Aliinua skonzi yake tena, akaing'ata kwa upande mzima, nyama ikamdondokea kwenye sahani, naye akaiokota kwa vidole na kuitia mdomoni. Walikuwa wameketi wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana chini ya ile meza yangu ndogo. Levi alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake tangu tujuane.

Mimi nilikuwa nimeshika skonzi yangu bila kuila. Nilikuwa nikijiambia, basi, imekwisha.

Kwetu Ukambani kuna nthoni. Ni haya na heshima vilivyochanganywa mpaka huwezi tena kuvitenga. Mama haketi na mume wa binti yake, hali naye, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha mbali. Wakiwa na neno la kuambiana, wanamtuma mtu wa kati, hata kama wote wawili wako chini ya paa moja. Siku hizi wengi wamelegeza, na harusini utaona bwana harusi amemkumbatia mama mkwe mbele ya kamera. Wayua wa kule kijijini Muthetheni, mama yangu mzazi, hajalegeza chochote. Binamu yangu Kalunde akija nyumbani na mume wake, mama hubeba sahani yake akaenda kula kwenye ghala, katikati ya magunia ya mahindi, na hatoki huko mpaka mgeni aage.

Sasa mwanamke huyo ndiye aliyekuwa akimwonyesha Levi ufizi wake. Alikuwa ananiambia jambo, na alijua nimelisikia. Mkwe haonyeshwi kinywa. Anayeonyeshwa kinywa ni mgeni, ni jirani, ni kijana mzuri wa watu anayejua kupika. Mama yangu hajui kutukana, na kwa kweli hana haja.

Chakula chenyewe kilikuwa chetu, changu na Levi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mimi nauza vifaa vya ujenzi mjini Machakos, nasimama kutwa. Yeye anafanya kazi kiwanda cha vigae huko Mavoko na amepanga chumba Katelembo, katikati ya kazi na mimi. Siku za kazi tukikutana jioni hakuna kati yetu mwenye nguvu ya kusonga ugali, sembuse kungoja muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, uive. Siku moja akaja na nyama ya kusaga kwenye karatasi na pakiti ya skonzi, akaniambia niketi. Kabla sijamaliza kuosha miguu, chakula kilikuwa mezani. Niling'ata, mchuzi ukanitiririka mpaka kwenye kiwiko, nikaona aibu kweli, maana huyu mtu tulikuwa hatujafahamiana sana. Levi akaufuta mchuzi ule kwa kidole gumba chake, polepole, akaniambia hiki ni chakula cha watu wasioonana aibu. Usiku ule nilijua nitamfuata popote.

Sikujua kwamba chakula hicho hicho kingekuja kunitenga naye.

Mama alikuwa ameletwa mjini na meno. Baada ya kung'olewa akaambiwa akae karibu na daktari siku chache, akakaa kwangu. Hakuweza kutafuna kitu. Nilimpa uji mpaka akauchukia. Levi aliposikia akasema nyama ikisagwa vizuri na mkate ukilowa mchuzi hata mtoto wa meno mawili anakula. Akaja, akapika, na mama akala kama mtu aliyetoka kufunga. Halafu akafungua kinywa.

Levi alipoondoka nilimsindikiza hadi langoni. Alinishika mkono, akaniambia mama amempenda, akaniuliza kama nimeona walivyocheka. Nikasema nimeona. Ningesema nini? Ana macho makubwa, Levi, na yakijaa furaha mtu hapati moyo wa kuyaingizia mchanga.

Niliporudi mama alikuwa anaosha vyombo. Alisema bila kugeuka kwamba kijana ni mzuri, ana mkono wa kupika, na ana adabu.

"Lakini mwiitu wakwa," akasema, maana huniita hivyo, binti yangu, akitaka nimsikilize, "kwao ni wapi?"

"Mavoko."

"Mavoko ni kazini. Mimi nauliza kwao."

Nilimweleza alichokuwa anakijua tayari. Levi alizaliwa kwenye vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wa viwandani. Mama yake alikuwa Mtaita aliyetoka kwao akiwa msichana na hakurudi. Baba yake hakumjua. Alikua kati ya majirani wa makabila yote, akala mila za kila mlango na hakushiba za mlango wowote. Mama yake alifariki yeye akiwa kidato cha tatu.

Mama alikausha sahani ya mwisho.

"Hata yule wa Winfred alikuwa mzuri," akasema.

Winfred alikuwa dada yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu. Mpaka leo Muthetheni nzima inamwita mama yangu Mama Winfred. Alienda kuishi na mwanamume wa mbali bila ntheo, wale mbuzi wanaoletwa nyumbani kwa msichana ili wazee wachinje, wale, na aitwe mke wa mtu. Tuliambiwa watakuja mwaka ujao, kisha mwaka ujao. Winfred alipofariki ghafla, watu wa yule mwanamume walisema hawana mke wa jina hilo. Mama alienda kumtoa mochari peke yake, akamleta nyumbani, akamzika pembeni mwa shamba karibu na ua, mahali pa msichana ambaye hakuolewa. Kila akienda kuchuma kunde anapita hapo.

"Mtu asiye na kwao," akasema mama, "siku ukifa nitaenda kugonga mlango gani?"

Aliuliza kwa upole. Nilienda kulala nikamlilia Levi, nikamlilia na Winfred, na sikujua yupi nilimlilia zaidi.

*

Alhamisi Levi alinipitia kazini, tukaenda bucha ya Ndunda karibu na soko. Ndunda alikata nyama na kuitia kwenye mashine. Levi akamwomba airudishe isagwe mara ya pili, kwa sababu kuna mzazi ana vidonda mdomoni. Nilimsikia akisema "mzazi", na moyo wangu haukuweza tena.

Nikamwambia yote pale pale kwenye baraza ya bucha, watu wakipita na mifuko yao. Nikamweleza nthoni ni nini, na kinywa cha mama kilikuwa kinasema nini. Alinisikiliza huku uso wake ukizimika.

"Kwa hivyo juzi..."

"Juzi alikuwa anakuaga, Levi."

"Na wewe ukaniangalia nikicheka."

"Ningekwambia nini?"

"Haya unayoniambia sasa."

Hakupaza sauti. Levi akikasirika sauti yake hushuka, mpaka unalazimika kumsogelea ili usikie anavyokulaumu. Nilimwambia kuhusu Winfred, kaburi lake na ua. Hilo alilipokea kichwa kikiwa chini. Akachezea ncha ya karatasi ya nyama.

"Unajua juzi nikienda nyumbani niliwaza nini?" akaniuliza. "Niliwaza, nimepata mama tena. Hakuna mtu mzima amewahi kunionyesha meno yake tangu mama afe. Nilifurahi kama mjinga."

"Wewe si mjinga."

"Sasa nichague, si ndiyo? Nikitaka mama, nakaa hivi, nakula na yeye, ananionyesha mapengo. Nikikutaka wewe, sitakula na yeye tena maisha yangu yote."

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nimekulia ndani ya mila hii na sikujua kwamba kwa mtu yatima ina bei ya namna hiyo. Nilitaka kumshika, lakini Ndunda alikuwa ametukodolea macho kutoka dirishani, kisu mkononi, umbea umemjaa. Levi alikunja nyama yake, akaiweka chini ya kwapa.

"Twende," akasema. "Mzazi atalala njaa."

*

Alipofika mlangoni kwangu hakuingia sebuleni. Alizunguka nyumba na kuingilia mlango wa nyuma wa jikoni, kichwa ameinamisha, akavuta pazia linalotenga jiko na sebule. Nilimfuata nikidhani amekasirika.

Alipika bila maneno. Alikaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kikalainika bila kugeuka rangi, akatia nyama na kuivunjavunja kwa mwiko ili isishikane madonge, akaacha maji yake yenyewe yakauke. Hoho na kitunguu saumu alikuwa amevikata vidogo sana. Akakwaruza nyanya mbili, akaongeza nyanya ya kopo, chumvi, sukari kidogo na tone la siki, akafunika sufuria ichemke taratibu. Skonzi alizipasua, akazipaka siagi na kuzigeuza kwenye kikaango upande wa ndani, ili mchuzi usizitoboe haraka. Harufu ikajaa nyumba. Nilisimama nikimtazama mgongo wake mpana na kujiuliza kama ndiyo mara ya mwisho.

Mama aliita kutoka sebuleni.

"Levi, leo hunisalimii?"

Mwiko ukasimama. Levi alinitazama mimi.

"Mutheu," akasema, "mwambie mama namsalimia."

Nikatoka nje ya pazia, nikasema, "Mwaitu, anakusalimia." Kwetu mama huitwa mwaitu. Mama aliniangalia, akaniuliza kama kijana ana homa. Nikasema hana. Nikamwekea sahani mbele yake, skonzi mbili zilizojaa mpaka nyama inamwagika pembeni, mvuke ukipanda. Akanawa mikono, akauliza mbona sahani ni moja, na mpishi yuko wapi.

"Atakula nje, mwaitu."

"Nje na hii baridi ya Julai? Levi! Kuja tukule!"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na pazia nilikuwa nimeliacha limefunguka. Levi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nje, ametupa mgongo, sahani iko magotini. Alijibu bila kugeuka, na hakumjibu yeye.

"Mutheu, mwambie mama siwezi kula mbele yake. Mwambie niko na nthoni."

Alilitamka vibaya neno lenyewe, akalikanyaga mahali pasipostahili. Lakini lilifika. Mama alirudisha skonzi kwenye sahani.

Uso wa mama ulikuwa umekaza. Nimemwona akiwa vile siku mbili tu maishani mwangu, hii na ile aliyorudi na Winfred kutoka mochari.

"Nani amemfundisha hilo neno?"

"Mimi."

"Nthoni si koti, ati mtu anaomba kwa jirani anavaa." Alisukuma sahani. "Hao mbuzi wa ntheo watatoka boma gani? Muulize."

Sijui kama alijisikia akisema "muulize". Mimi nilimsikia. Nilienda mlangoni, nikamuuliza Levi maneno yale yale, mbuzi watatoka boma gani, na Levi akaiweka sahani yake chini kwenye saruji.

"Mwambie sina boma. Niko na kaburi la mama yangu Mavoko, kwa makaburi ya umma. Kila mwezi naenda kulipalilia. Hapo ndio kwetu, sina pengine pa kumdanganya. Mzee Maundu, mwenye ploti ninayokaa Katelembo, nilimwomba tangu Pasaka asimame kama mzazi wangu. Amekubali. Atakuja na wazee wake, na mbuzi watatoka kwa zizi lake."

Tangu Pasaka. Hakuwa ameniambia hata neno. Nilirudi kwa mama na kumpa yote jinsi yalivyosemwa. Alisikiliza akitazama ukuta, ingawa nyumba yangu ni ndogo, na neno likisemwa ngazini hufika chumbani bila kutumwa.

"Muulize," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "siku huyu mtoto wangu atakufa."

Hakumaliza. Sikuondoka hata hatua moja, maana Levi alikuwa ameshaanza kujibu. Sauti ilitoka kule gizani ikiwa chini sana, na sote wawili tukanyoosha shingo.

"Mutheu, mwambie mama siku hiyo hatagonga mlango wa mtu. Mimi ndiye nitakuwa nimesimama pale, niseme huyu ni wangu. Nitamzika na mahali pake patakuwa pa mke wa mtu. Na kama mimi ndiye nitatangulia, basi mama aje aone kama nimemwacha binti yake bila jina."

Nilimgeukia mama nikafungua kinywa ili nimweleze. Maneno hayakutoka. Nani anaweza kusimama na kumpelekea mama yake habari za mazishi yake mwenyewe? Nililia tu, nikiwa nimesimama katikati ya sebule na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Nimesikia," akasema mama. "Wacha."

Aliketi akiitazama ile sahani. Nilijua anamwona Winfred, kwa sababu nami nilikuwa namwona. Kisha alivuta leso yake kutoka mabegani, akaipitisha juu ya kichwa na kuishusha mpaka ikamfunika kinywa. Akainuka kwa taabu, mkono mmoja kwenye meza. Akachukua sahani yake. Alipita mbele ya ule mlango ulio wazi akiwa ameugeuzia uso ukutani, akaingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake kwa kisigino.

Levi alisikia mlango ukifungwa. Aliinuka akafika kizingitini, akaona kiti kitupu. Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka vile.

"Amekataa," akasema.

Nilitikisa kichwa, lakini bado nilikuwa nalia na alinielewa vibaya. Alianza kutafuta koti lake. Aliniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba nisimlaumu mama, kwamba hata yeye angekuwa na binti mmoja kaburini asingetaka wa pili. Nilimkamata mkono wa shati nikaung'ang'ania. Ndipo tukamsikia mama kutoka chumbani, kinywa kimejaa.

"Mutheu."

"Naam, mwaitu."

"Mwambie huyo mtu mbuzi wangoje mvua za Novemba zipite. Saa hii hakuna majani, wataleta mifupa."

Levi aliliachilia koti.

"Na mwambie akuonyeshe leo hii vile anafanya hii nyama. Yote, mpaka hiyo siki. Mkwe haingii jikoni kunipikia, na mimi bado niko na mdomo mgonjwa."

Tulimsikia akitafuna polepole, kwa upande ule mzima. Levi alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, machozi yanamshuka, na hakuyafuta. Alikuwa amenipata mimi, na pale pale alikuwa amempoteza yule mama wa Jumanne, na nilimwona akiyajua yote mawili kwa wakati mmoja.

"Mutheu," akaita mama mara ya tatu, na safari hii alisita kidogo. "Mwambie ni tamu. Mwambie hata ya Jumanne ilikuwa tamu. Na kucheka pia, ilikuwa tamu."

Levi alikuwa amesikia kila neno. Alirudi ngazini, akaketi akiwa ametupa mgongo kama mwanzo, akaiinua sahani yake. Nilitoka nje, nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia.